Ndama Mwenye Macho ya Gololi

Wilibrodi alipopunguzwa kazi mwaka 1994, majirani zake wa Chanji, mjini Sumbawanga, walikuja kumpa pole kama watu waliokuja msibani. Walikaa kwenye mabenchi uani, wakatikisa vichwa, wakasema serikali siku hizi haina huruma. Wilibrodi alizipokea pole zote kwa uso wa huzuni, maana aliona ingekuwa utovu wa adabu kuwaambia kwamba moyoni alikuwa anachekelea. Alikuwa na mpango.

Miaka ile nani hakuwa na mpango? Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imepanda mpaka Ufipa. Karani wa zamani wa ushirika alikuwa na meza ya mitumba sokoni, mwalimu wa hesabu alikuwa anakodisha kanda za video, na hata mlinzi wa ghala la mahindi alikuwa ameanza kunyoa watu kwa mashine ya umeme. Hao wote, kwa maoni ya Wilibrodi, walikuwa wanagombania kazi ambazo mtu yeyote anaweza kuzifanya. Yeye alikuwa na fani. Kutoka Kabwe kule ziwani mpaka bonde la Rukwa, hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuchukua mnyama aliyekufa, kumchuna, kuitia ngozi dawa, kuijaza na kuishona mpaka mnyama asimame tena juu ya ubao kama anayesubiri kuitwa.

Alikuwa anaijua fani hiyo kwa kiasi gani, hilo alilisema kwa ukweli baadaye sana, alipokwisha kuzoea kuchekwa. Kwa miaka kumi na minne kazi yake katika ofisi ya wanyamapori ilikuwa kupaka chumvi. Ngozi zikiletwa, Wilibrodi anapaka chumvi. Zikikauka, anazikunja, zinasafirishwa kwa mafundi wa mbali. Mara moja tu alipelekwa semina ya wiki sita, na huko akatengeneza digidigi mmoja, mwalimu akiwa amemshika mkono karibu muda wote. Digidigi huyo alirudi naye Sumbawanga akawekwa juu ya kabati la mafaili. Miguu yake ya mbele ilikuwa mifupi kuliko ya nyuma, kwa hiyo alionekana kama muumini aliyepiga magoti. Mwaka wa pili panya walizalia tumboni mwake. Huo ndio ulikuwa ujuzi wote ambao Wilibrodi alitoka nao ofisini, pamoja na kisu kizuri cha kuchunia ambacho hakuna aliyemwuliza habari zake.

Alijenga kibanda cha mabanzi uani, akaandika kibao kwa rangi nyekundu: FUNDI WA WANYAMA. Wiki ya kwanza aliletewa mbuzi anayeharisha. Wiki ya pili aliletewa kuku kumi na mmoja wenye kideri, na mwenye kuku alikasirika sana alipoambiwa kwamba fundi hatibu.

"Sasa wewe ni fundi wa wanyama gani?"

"Waliokufa, mama."

"Basi ngoja kidogo, hawa wako njiani."

Wilibrodi akaongeza neno WALIOKUFA chini ya kibao. Hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi. Katika mji ambao jina lake lenyewe linawaambia watu watupe uchawi, mtu aliyeandika mlangoni kwamba anashughulika na wanyama waliokufa hawezi kutazamwa kwa jicho la kawaida. Watu walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mke wake, Zita, ambaye ndiye aliyekuwa analisha nyumba kwa shamba lake la mahindi na ulezi, alimwita kwa upole siku moja.

"Baba Salome, leo kanisani jirani yetu Leonia amehama benchi nililokalia."

"Ataelewa tu. Kila fani mwanzo wake mgumu."

"Mimi sina neno. Lakini hao simba na chui uliosema watakuja, wamekwama wapi?"

Simba na chui walikuwa wamekwama kwenye sheria. Mnyama wa porini huwezi kumgusa bila kibali, na kibali kilikuwa kinatolewa ofisini kulekule walikompunguza. Wilibrodi alikuwa analijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, ila wakati wa kupanga mipango lilimpitia.

Mteja wake wa kwanza wa kweli alikuwa Baltazari, aliyekuwa amefungua baa hapo hapo Chanji. Baltazari alikuwa na mbwa mkubwa mweusi aitwaye Kamanda, mkali kiasi kwamba wezi walikuwa wanakwenda nyumba nyingine. Kamanda alipokufa kwa uzee, Baltazari alimleta kwa mkokoteni. Alitaka asimamishwe mlangoni mwa baa, vilevile alivyokuwa, macho makali, mdomo umefumbwa, ili mtu mwenye nia mbaya akimwona ajirudi.

Wilibrodi alifanya kazi wiki mbili. Alijaza maranda ya seremala, akanyoosha miguu kwa nondo, akatia macho ya gololi kutoka dukani. Siku ya kwanza Kamanda alikuwa anatisha kweli. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia Wilibrodi, au pengine aliambiwa akasinzia, kwamba midomo ya mnyama ikikauka inajikunja. Siku ya nne mdomo wa juu ulianza kupanda. Siku ya kumi meno yote yalikuwa nje mpaka magego, na Kamanda, mbwa aliyeng'ata watu kumi na watatu maishani mwake, alikuwa anacheka kicheko kikubwa cha mtu aliyenunuliwa bia ya tatu.

Vijana wa baa walimpenda mara moja. Kila aliyeingia alimsalimu. "Kamanda, mambo?" Na mwingine ndani anamjibia, "Poa, mshikaji!" Walimwekea sigara mdomoni, wakamvika kofia. Baltazari alivumilia mwezi mmoja, kisha akaja kwenye kibanda.

"Wilibrodi, nilikuletea mlinzi. Umenirudishia mlevi."

Wilibrodi hakumlaumu, kwa sababu hata yeye, kila alipopita pale mlangoni, alishindwa kujizuia kutabasamu, halafu anakumbuka kazi ni ya nani, anaongeza mwendo.

Sasa mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, asubuhi moja alikuja mtu mrefu aliyejitanda mgolole begani na kushika fimbo. Alisema anaitwa Mboje, mfugaji, Msukuma aliyehamia bondeni upande wa Muze miaka kumi na miwili iliyopita. Wilibrodi alimwamkia shikamoo, akampa kigoda, akaanza kueleza kabla hajaulizwa kwamba yeye si daktari wa mifugo.

"Najua," Mboje alisema. "Nilimwona yule mbwa nilipoleta ng'ombe mnadani. Nilirudi nyuma hatua mbili."

"Ulimwogopa?"

"Kwanza. Baadaye nikacheka. Lakini kwanza niliogopa. Nikasema, aliyemtengeneza huyu anaweza kumdanganya hata mtu mzima."

Hilo lilikuwa neno jema la kwanza ambalo Wilibrodi aliambiwa kuhusu kazi yake, na ingawa halikuwa sifa hasa, alilishika kwa mikono miwili.

Shida ya Mboje ilikuwa hii. Kiangazi hicho wanawe walikuwa wamehamishia kundi lote mbali kutafuta majani, wakamwachia nyumbani ng'ombe mmoja tu mwenye maziwa. Maziwa hayo yalikuwa ya mjukuu wake wa miezi minne, ambaye mama yake, Rhoda, alikuwa amelazwa hospitali, hali mbaya. Siku mbili zilizopita ndama wa ng'ombe huyo alikufa. Na ng'ombe yule, asipomwona na kumlamba mwanawe, haachii maziwa. Ukimkamua kwa nguvu unapata nusu kikombe na teke. Majirani walikuwa wanamsaidia mtoto kwa kidogo walichonacho, lakini kiangazi kile kila mtu alikuwa na kidogo.

"Babu yangu alikuwa anaijaza ngozi ya ndama majani, ng'ombe anadhani ni mwanawe," Mboje alisema. "Nimejaribu jana. Nimeifunga kwenye vijiti. Ng'ombe ameipiga teke ikaruka juu ya boma. Mimi si fundi. Wewe ni fundi."

Wilibrodi aliwaza kwa muda mfupi sana. Alifunga vyombo vyake kwenye begi: kisu, sindano za gunia, uzi wa katani, shabu ya kukaushia ngozi, chumvi, na pakiti mbili za vile vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu wa nguo kabatini. Zita alimtilia viazi vya kuchemsha, akamwambia kwa sauti ya chini, "Huyo ni mtoto, Baba Salome. Si baa." Wilibrodi alijibu kwamba anajua.

Waliteremka milima ya Lyamba lya Mfipa juu ya lori la mahindi, baridi ya mlimani ikiwatoka mwilini kadiri walivyoshuka, na walipofika bondeni jasho lilikuwa linawatiririka. Nyumbani kwa Mboje walipokelewa na mke wake, Kashinje, mwanamke mfupi mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa analia kilio chembamba, cha mtu aliyekwisha lia sana akabakiwa na mwisho wake tu. Kashinje alimtazama Wilibrodi kuanzia viatu mpaka kofia.

"Huyu ndiye wa yule mbwa?"

"Ndiye," Mboje alisema.

"Karibu, baba." Akaingia ndani.

Wilibrodi alifanya kazi siku ile na siku iliyofuata, na kwa mara ya kwanza maishani alifanya kazi kama alivyofundishwa semina, bila kuruka hatua. Alikwangua nyama yote iliyobaki kwenye ngozi. Aliiosha kwa sabuni maji matatu. Kipande cha tumboni kilikuwa kimeanza kuoza na kunuka, akakikata, akakitupa juu ya ua wa miiba, akaweka kiraka cha turubai mahali pake. Alipaka shabu, akapaka chumvi, akasaga vile vidonge vya kabatini na kuvipaka ndani na nje, kwa sababu mwalimu wao alisema adui mkubwa wa fundi ni harufu. Alitengeneza mifupa ya fito, akajaza nyasi kavu, akakanda udongo wa kichuguu kuumba uso, na midomo safari hii akaipigia pini ili isipate nafasi ya kucheka. Mwisho alitia gololi mbili za kahawia alizokuwa amezichagua Chanji kati ya gololi hamsini.

Alipomaliza alirudi nyuma akamtazama. Ndama alisimama juu ya miguu minne iliyolingana. Masikio yamesimama. Shingo imegeuka kidogo, kama ameitwa. Wilibrodi alimpangusa vumbi puani. Alifikiri kwamba kama wale wa ofisini wangemwona ndama huyu wangemrudishia kazi na kumwomba radhi. Aliwaza hata jinsi ambavyo angewakatalia.

Asubuhi wakambeba mpaka bomani. Majirani wawili watatu walikuja kuangalia, wakapiga makofi kwa mshangao, na mzee mmoja akamwita ndama kwa mluzi. Mboje alimleta ng'ombe. Kashinje alichuchumaa ubavuni na kibuyu chake, tayari.

Ng'ombe alimkaribia ndama. Akanyoosha shingo. Akanusa mara moja. Akapiga chafya kubwa iliyommwagia fundi makamasi mpaka kifuani, akageuka, akaondoka mbio na kwenda kusimama pembe ya mbali kabisa ya boma, akiwa amewageuzia matako.

Walimrudisha. Akanusa kwa mbali, akapiga chafya tena. Walimrudisha mara ya tatu, na safari hii hakunusa, alishusha pembe. Wilibrodi, ambaye alikuwa amemshikilia ndama kwa nyuma ili asianguke, alijikuta amekaa kwenye mavi mabichi, ndama akiwa mapajani mwake kama mtoto anayesubiri kubatizwa.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mgongoni kwa Kashinje alikuwa ameanza kulia tena. Wilibrodi alisema baadaye kwamba ingekuwa afadhali wangecheka.

"Labda haoni vizuri," alisema. "Labda tumsogeze kwenye mwanga. Macho yanang'aa zaidi kwenye mwanga."

Kashinje aliweka kibuyu chini. "Baba, nikuulize. Hivi vitu vyeupe ulivyompaka ni vya nini?"

"Vinaondoa harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya... ya ndama," Wilibrodi alisema, na hapo hapo, akiwa bado amekaa kwenye mavi, alilisikia jibu lake mwenyewe.

"Umemtengenezea macho mazuri," Kashinje alisema, na hakusema kwa dhihaka. "Mimi mwenyewe nikimtazama naona ataniita mama. Lakini ng'ombe hana haja na macho. Ng'ombe ananusa. Ile ngozi uliyoitupa iko wapi?"

Ilikuwa bado juu ya miiba, imekaukia nje, ndani bado inanuka kiasi kwamba nzi walikuwa wameifanya makazi. Kashinje aliitoa kwa ncha ya fimbo. Akailowesha kwa maji ya chumvi na yale maziwa kidogo aliyoyakamua kwa shida alfajiri. Alimnyanyua ndama wa Wilibrodi, akamsugua mwili mzima kwa mkojo wa ng'ombe na majivu mpaka ule weupe ukatoka, akamnusa, akatikisa kichwa, akamsugua tena. Halafu akachukua kile kipande kilichooza na kumfunga nacho kichwani kama mtandio. Kilifunika masikio yaliyosimama. Kilifunika midomo iliyopigiwa pini. Kilifunika gololi zote mbili.

Ile kazi bora ya maisha ya Wilibrodi sasa ilifanana na bibi aliyejikinga mvua.

"Mlete," Kashinje alimwambia mumewe.

Ng'ombe alikuja kwa kujivuta. Alisimama mbali kidogo. Pua yake ilianza kuchezacheza. Akasogea hatua moja, nyingine, akaingiza pua chini ya ule mtandio, akatoa sauti nzito ya tumboni ambayo Wilibrodi hakuwahi kuisikia kwa ng'ombe, na akaanza kulamba. Alilamba kwa nguvu, ulimi unakwangua kama msasa, ndama akiyumba huku na huku na fundi akimshikilia kwa mikono yote miwili. Kisha kukasikika kibuyuni: chwii, chwii, chwii. Kashinje alikuwa ameinamisha kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, hakumtazama mtu. Mboje alisema kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja," na Wilibrodi hakujua kama anashukuriwa yeye, mke, au ng'ombe. Baadaye alikata shauri kwamba ni ng'ombe.

Alikaa kwa Mboje siku nne zaidi, kwa sababu kila ng'ombe alipolamba aligundua pia kwamba mwanawe amejaa nyasi. Siku ya pili ng'ombe alifungua mshono wa bega akachomoa konzi moja ya nyasi. Siku ya tatu alikula nusu ya tumbo huku anakamuliwa, akitafuna kwa utulivu, akiachia maziwa kuliko siku zote. Wilibrodi alikuwa anashona jioni, ng'ombe anafumua asubuhi. Alimwambia Mboje kwamba hajawahi kupata mteja anayeipenda kazi yake mpaka kuila.

Mwezi uliofuata alishuka tena kwenda kubadilisha nyasi, na alikuwapo siku Rhoda aliporudi kutoka hospitali, amekonda lakini anatembea kwa miguu yake. Alimchukua mtoto wake, ambaye alikuwa amenenepa mpaka shingo haionekani, akakaa naye kivulini muda mrefu. Kisha akaingia bomani kumsaidia mkwe wake. Walisikia ukelele mmoja, wakamwona anatoka mbio, mtoto kifuani.

"Mama! Mmefuga nini humu ndani?"

Wakati huo ndama alikuwa amebaki na mguu mmoja na nusu, kiraka cha turubai, na mtandio uliokuwa mweusi kwa kulambwa. Kashinje alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza Wilibrodi kumwona anacheka. Naye akacheka, na alipomaliza aliona kwamba ule uchungu aliokuwa ameubeba tangu siku ya lile kamasi haupo tena.

Habari zikaenea bondeni. Miaka mitatu iliyofuata Wilibrodi alitengeneza ndama kumi na tisa kwa wafugaji wa huko. Wengi hawakuwa na kichwa cha maana. Alijifunza kuacha mafuta kidogo kwenye ngozi, kutoiosha, kutia chumvi upande wa mgongo tu ili ng'ombe apate cha kulamba, na kujaza maganda ya mpunga badala ya nyasi. Mara mbili alishindwa kabisa. Ng'ombe mmoja alimpenda ndama sana, akakataa kukamuliwa ili asimpunje maziwa. Zita aliacha kuuliza habari za simba. Alilalamika tu kwamba mume wake akirudi kutoka kazini ng'ombe wa jirani wanamfuata mpaka mlangoni.

Afisa mmoja wa mifugo kutoka Namanyere, Felisian, alisikia sifa zake akaja Chanji na daftari. Alitaka kuandika utaratibu wote, hatua kwa hatua, awafundishe wengine. Wilibrodi alimweleza siku nzima, na Felisian aliandika kurasa sita kwa mwandiko mzuri. Mwishoni akauliza kama fundi ana ndama mmoja aliyekwisha kamilika, ampige picha.

Alikuwapo, ananing'inia nyuma ya kibanda, wa kupelekwa Muze kesho yake. Wilibrodi alimtoa. Felisian alimzunguka mara mbili, akashika pua, akajaribu kuelewa mbele ni wapi.

"Fundi," alisema hatimaye, "huyu hapa nimpige kwa upande gani?"

"Upande wowote," Wilibrodi alisema. "Mimi mwenyewe nimekwisha sahau."